Uso Wangu Kwenye Skrini ya Mwanangu

Hebu niambieni, wanangu... mmewahi kukutana na uso wenu wenyewe, mkubwa kama mlango wa ghala, ukiwakodolea macho mbele ya umati, nanyi mkaufurahia? Mimi nimewahi! Nikaufurahia hasa, nikacheka mpaka leso ikanifunguka kiunoni. Na kicheko hicho ndicho kilichonichomea nyumba.

Tulieni basi, niwape mkasa wangu. Naitwa Kadzo. Miaka yangu imepita sabini. Imepita kwa mingapi sijui, mama alinizaa msimu wa korosho na hakuna aliyeandika. Shule niliiona dirishani tu. Anayeniandikia haya ni mjukuu wangu, naye pia Kadzo, maana kwetu Wagiriama binti wa kwanza wa mwanao wa kiume hupewa jina lako. Nikitamka neno chungu juu ya babake, kalamu yake yasita, yuwaniangalia. Andika, namwambia! Andika vivyo hivyo, yeye hakusita.

Nyumbani kwangu kulikuwa ndani, nyuma ya Matsangoni, nyumba ya udongo na makuti, pembeni kaburi la marehemu mume wangu. Nilikuwa nikikaanga mahamri asubuhi, nayauza barabarani. Mahamri yangu! Waliokula walirudi. Kuni zangu zilikuwa makumbi ya nazi, na makumbi yana moshi wa uadui. Miaka na miaka ya moshi huo, macho yakawa mekundu kama ya njiwa. Na nywele nazo zikawa nyeupe pe!

Mwajua maana yake huku kwetu? Nywele nyeupe na macho mekundu vikikutana kwenye kichwa kimoja, watu huanza kukumbuka maiti zao. Mtsai huyo, wasema. Mchawi! Wako wazee waliokatwa mapanga kwa hilo, sisemi ngano. Wenzangu wengi wa rika langu walipaka nywele dawa nyeusi, wakafunga na vilemba juu yake. Mimi sikupaka. Nilikuwa nawacheka. Nani atamuogopa mtu anayemlisha kila siku?

Jirani yangu alikuwa Mbodze. Jirani gani, ndugu! Chumvi yake yangu, ugonjwa wangu wake. Hata karai nililokaangia mahamri lilikuwa lake. Aliniazima wakati watoto wetu wangali wananyonya, mpaka tukasahau wote wawili kwamba ni la kuazima. Likumbukeni karai hilo.

Na mwanangu wa mwisho, Karisa. Huyu nilimnyonyesha mpaka akaweza kuniomba kwa maneno! Alisoma, akamaliza, akakaa bila kazi, akaoa, akakaa bila kazi, mpaka siku moja akaja na shati jeupe na viatu vya kuchongoka. Ameandikwa na watu fulani wa Mombasa wanaouza rangi ya nywele. Kazi yake ni maonyesho: kuzunguka kumbi na hoteli, awaeleze watu habari za hiyo rangi, wanunue.

Na ile skrini aliyokuja nayo! Nyinyi mmezoea, lakini mimi siku ya kwanza nilikaa chini. Ni fuko jembamba refu, ungedhani mtu amebeba mkeka. Akatoa bomba la chuma, akalikunjua miguu mitatu likasimama, kisha akashika ulimi wake akavuta juu... kitambaa cheupe kikatoka, kikapanda, kikapanda, kikawa ukuta! Ukuta mzima ndani ya fuko! Akaachia, trrrr! kikarudi ndani chenyewe kama kichwa cha kobe. Nilipiga ukelele, Mbodze akaja mbio na fimbo akidhani ni nyoka.

Karisa akatueleza. Mtu wa maonyesho, asema, leo yuko Watamu, kesho Malindi, kesho kutwa Marafa, na si kila ukumbi una ukuta mweupe. Kwengine ni makuti, kwengine ni mawe matupu. Mtu asiyekuwa na ukuta wake, picha zake atazitupia wapi? Kwa hivyo alibeba ukuta wake begani, juu ya bodaboda, na ile mashine ya kutoa picha mgongoni. Mbodze akasema, “Kadzo, mwanao ni konokono! Yuwatembea na nyumba.” Tulicheka siku hiyo, jamani...

Akija mwisho wa juma, skrini imejaa vumbi jekundu la Marafa. Mimi ndiye niliyeipangusa. Taratibu, kwa kitambaa chenye unyevu, kama namsafisha mtoto mchanga masikio. Siku moja nikasahau kunawa, kidole gumba kikaacha alama ya mafuta pembeni kwa chini. Karisa alifoka! Nikasugua, wapi, kitambaa kimekwisha kuyanywa. Mwisho akacheka, akasema, “Basi, Mayo. Sasa nasafiri nawe.”

Mayo ndio mama, kwa Kigiriama chetu. Hajawahi kuniita vingine tangu ajue kusema. Na hilo neno pia liwekeni.

Siku nyingine akaja na simu kubwa, ataka kunipiga picha. Nikakimbilia leso yangu ya sikukuu. La, asema, kaa hivyo hivyo jikoni. Vua kilemba. Nikavua. Zitimue nywele. Nikazitimua, nikawa kama kuku aliyeangukia majivuni, nikaanza kucheka. “Usicheke, Mayo.” Nikazidi! Mtu akiambiwa asicheke, si ndio atacheka?

Mwanangu akaiweka simu chini. Akachukua makumbi mabichi, akayatia motoni.

Moshi ukafuka, mzito, wa kijani. Nikakohoa, macho yakanitoka, machozi yakanichuruzika, mdomo wazi natafuta pumzi... naye yuwapiga tu picha! Yuwasogea, yuwapiga! Kisha akasema imetoka nzuri mno. Ya nini? nikamuuliza, bado nakohoa. Ya kazi, asema, wateja wapate kumuona mamangu.

Wanangu, kichwa kilinivimba! Mwanangu ataka watu wa mahotelini wamuone mamake! Nikamwambia Mbodze, Mbodze akamwambia muuza samaki, na kabla ya jua kutua Matsangoni nzima yajua kwamba Kadzo wa mahamri yuwaonyeshwa Watamu. Watoto wakipita wananiita Bi Skrini, nami nawapungia mkono kama bibi harusi.

Sikujiuliza. Mtoto anayetaka picha ya mamake, makumbi mabichi ya nini?

Basi ikawa mpwa wa Mbodze analetewa mahari huko Marafa, nasi tukaenda kushangilia. Asubuhi ile nikasikia watu wa rangi ya nywele wamekuja, wako ukumbini. Ni Karisa! Nikafunga mahamri kwenye leso, nikamshika Mbodze mkono, twende ukamuone mwanao akifanya kazi.

Mlango wa mbele ulikuwa umejaa, hapapiti hata paka. Madirisha wameyaziba kwa maleso ili ndani kuwe giza. Tukazunguka, tukapata mlango mdogo wa nyuma, tukaingia, tukajikuta nyuma ya skrini.

Kitambaa chenyewe kilikuwa chepesi, picha yapenya hata nyuma. Na pale pembeni kwa chini, alama ya kidole changu, ile ya mafuta, ilikuwa ikipitisha mwanga kuliko kwengine kote, yang'aa kama nyota! Nikamfinya Mbodze. Hicho hapo kidole changu!

Mara uso ukatokea.

Wangu! Kutoka chini mpaka juu! Nywele zimesimama, mdomo wazi, na macho... macho nilijua ni mekundu, lakini haya yalikuwa yameongezwa, yamekuwa kama makaa. Mimi sikuona ubaya. Kweli nawaambia, sikuuona. Nilijiona mimi, mkubwa, mbele za watu, nimewekwa hapo na mwanangu. Nikacheka kimya mpaka nikalia.

Mbodze yeye alikuwa akisikiliza. Mimi najitazama, yeye yuwasikiliza. Karisa alikuwa upande wa pili akisema kwa sauti ya redioni, na maneno yake niliyapata baadaye, yakiwa yamekwisha kuniua. Alikuwa akisema: mwamuona mama huyu? Alifukuzwa kwao. Nyumba yake ilichomwa. Watu walisema ni mtsai, watoto wa jirani walikufa, na nani ajuaye ukweli? Mimi simo. Lakini muangalieni vizuri, mniambie, mngemuachia mtoto wenu? Na yote hayo kwa kukosa chupa hii hapa!

Uongo mtupu! Nyumba yangu ilikuwa imesimama, na paka wangu yuko ndani.

Lakini mimi sikusikia... Furaha ilinijaa masikioni. Nikafunga leso vizuri, nikazunguka skrini, nikajitokeza mbele, kwenye mwanga wenyewe. Uso wangu mkubwa ukanimwagikia kifuani, kwenye mikono, kwenye mahamri. Nikapaza sauti, “Ndimi! Ndimi huyo! Hamjambo, wanangu?”

Mwafikiri walipiga makofi?

Ukumbi ulipiga yowe moja. Moja! Viti vikaanguka. Mwanamke wa mbele akamfunika mtoto wake kwa mwili wote, kama mtu anayezuia mawe. Mwengine alizimia hapo hapo. Wengine wakakimbilia mlangoni, wakajazana, wakakanyagana, na mimi nasimama na mahamri yangu, bado meno yako nje, kwa sababu uso wa mtu haujui haraka kuacha kucheka.

Nikamgeukia Karisa. Nikamwambia kwa Kigiriama, mwanangu, waambie hawa mimi ni nani.

Mwanangu aliniangalia. Niliona, wanangu, kwamba alijua vizuri la kusema, neno dogo tu, herufi zake hazijai kiganja. Mayo.

Akageukia watu. Akatabasamu. Akasema, “Mmemuona kwa macho yenu? Ndiye huyu! Hata yeye amesikia habari za dawa, amekuja kuitafuta. Tulia, bi kizee, zamu yako itafika.”

Bi kizee!

Kuna mzee mmoja aliyebaki karibu na ukuta, akauliza, “Kijana, mbona akuita mwanawe? Ni mamako?” Karisa akajifanya kupanga waya. Na waliokuwa wamekimbia wakarudi kupitia mlango wa mbele, wakinipisha mbali, wakinyang'anyana zile chupa. Hajawahi kuuza vile! Chupa zilikwisha mezani. Mimi nilikaa chini ya skrini, leso yangu imefunguka, mahamri yamemwagika, na hakuna aliyeokota hata moja. Hata mtoto. Mahamri yangu!

Njiani kurudi Mbodze hakunena. Mbodze, ambaye hulala akisema! Tulipokaribia kwetu ndipo akauliza. “Kadzo, kwa nini mwanao amekukana?” Nikamwambia ni kazi tu, dada, watu wa biashara husema wasemayo. Akatikisa kichwa. Akasema kazi haimkanishi mtu mamake. Mtoto ajua alikotoka, akisema kwa jirani kuna nyoka waweza kubisha, lakini akisema nyumbani kwao kuna nyoka, wewe nani ubishe?

Nikacheka. Sikujua nicheke au nini, nikacheka. Akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia.

Kesho yake, habari za Marafa zimekwisha kuenea, mahamri yalirudi nyumbani yote. Kesho kutwa yakarudi tena. Muuza samaki alivuka barabara aliponiona. Watoto hawakuniita Bi Skrini tena. Walikuwa wakiniona wanaingiza kidole gumba ndani ya ngumi, kujikinga na mchawi, na kukimbia. Nilipofika bombani kuteka maji, wanawake walijitenga mpaka nijaze niondoke, kisha wakausuza mfereji. Wakausuza! Kwani mimi nimetoka usaha?

Nikampigia Karisa simu kwa simu ya mwenye duka. Njoo, mwanangu, uwaambie ilikuwa biashara. Akasema ana safari ya Lamu, kampuni imempandisha cheo. Akasema nivumilie, watu husahau. Akakata.

Halafu mjukuu wa Mbodze akaugua. Kitoto cha kiume, kinono, mimi ndiye niliyekipokea kwa mikono hii kilipozaliwa, nikakiosha, nikakifunga kitovu. Homa ikampanda, degedege, wakamkimbiza hospitali... akafia njiani. Nililia! Nilijigaragaza kwenye mchanga wangu peke yangu. Kisha nikajifunga leso nyeusi, nikabeba nazi zangu kwenda matangani, kama desturi.

Sikufika uani. Mamake mtoto alitoka mbio, maziwa yamemlowesha nguo, akapiga ukelele kwamba nimekuja kumalizia. Wanaume wakasimama. Nazi zangu wakazipasua kwa panga moja moja barabarani, waone kama kuna kitu ndani. Mwafikiri walikuta nini? Maji ya nazi.

Nilimtafuta Mbodze kwa macho. Alikuwa ameketi mkekani, ameinamisha kichwa. Na namwelewa... aliyefiwa hana akili. Lakini angeinua kichwa! Mara moja tu!

Hawakuja usiku kama wezi. Walikuja mchana, jua la utosi, nami niko bombani nangoja wenzangu waondoke. Niliona moshi. Nikasema moyoni, leo nani achoma makumbi mabichi? Nikajitwika ndoo, nikaenda zangu polepole. Nilipofika kwenye mkorosho wa njia panda ndipo nikaona ni kwangu.

Na sasa shikeni roho zenu. Walikuwa wameanza na rundo langu la makumbi uani; kabla hawajaitia nyumba kiberiti, nilimuona kwa macho yangu, Mbodze anatoka mlangoni mwangu... na karai. Karai lake! Alikuwa ameingia kulichukua kwanza, lisije likaungua. Alilipangusa masizi kwa ncha ya leso yake, akaliweka kwapani. Kisha akawaitikia vijana kwa kichwa, kama mtu asemaye, tayari, endeleeni.

Moto wa makuti hauchukui muda. Nilisimama na ndoo yangu ya maji kichwani, sikuimwaga kwenye moto, sikuitua. Ungezima nini? Paka wangu sikumuona tena. Mmoja wa vijana aliniona, akainua panga, na kama si mwalimu mmoja aliyepita na pikipiki akanitia nyuma yake kama gunia, hamngekuwa mkisoma haya.

Ndipo nikaletwa huku nje ya mji wa Malindi, kwenye nyumba ya kuwahifadhi wazee waliokimbizwa kwao. Tumejaa! Wote vichwa vyeupe, ukituona tumekaa barazani utadhani ndege korongo wa ufuoni Mida. Kila mmoja ana kisa chake na kila mmoja anasema chake ndicho kibaya. Wazee hata kwa mateso tunashindana!

Lakini nilitaka kwangu. Si nyumba, nyumba imekwisha. Lile kaburi la mume wangu nani atalifagia? Nilikuwa nikiamka asubuhi mkono umekunjika, watafuta ufagio.

Siku moja Karisa akaja. Fuko refu begani, na bintiye Kadzo nyuma yake, wamefunga shule. Mjukuu wangu alikuwa hajaambiwa kitu! Aliambiwa Hawe, yaani nyanya, anatibiwa Malindi. Alinikumbatia hadi nikasikia mbavu.

Mwanangu alipiga magoti. Akaniita Mayo. Nikalainika, mjinga mimi. Akasema ana mpango. Atanipaka ile rangi, nywele ziwe nyeusi ti! atanipiga picha ya pili nimevaa leso mpya na nacheka. Sasa nilikuwa naruhusiwa kucheka! Ataziweka picha mbili pamoja kwenye skrini, aende nazo Matsangoni, awaonyeshe watu: huyu alikuwa vile, sasa ni hivi, hana ubaya. Watanipokea. Atanijengea nyumba ya mawe karibu na kaburi.

Nifanyeje, wasomaji wangu? Mngekataa? Kwangu kulikuwa ng'ambo ya ile chupa tu. Nikavua kilemba.

Alinipaka mwenyewe, uani. Mikono yake ilikuwa laini, nikakumbuka nilivyokuwa nikimpaka mafuta ya nazi akiwa mdogo. Iliniwasha kidogo. Nikasema yawasha, baba. Akasema ndiyo kufanya kazi. Ikazidi. Ikawa kama siafu, kisha kama kaa la moto. Mjukuu wangu akasema, “Baba, mwoshe, aumia!” Babake akamkaripia, dakika zake hazijafika, rangi haitashika.

Kulipopambazuka sikuona kitu. Macho yamefunga, uso umevimba kama boga, ngozi ya kichwa yatoa maji, nywele zatoka kwa mafungu juu ya mto wa kulalia. Nikasikia miguu mitatu ya skrini ikitua uani, nikasikia kitambaa kikivutwa. Alitaka kunisimamisha mbele yake, kiwe ndio mandhari nyuma yangu. Mjukuu wangu alinitoa nje akinishika mkono.

Sikumuona mwanangu, lakini nilimsikia akivuta pumzi. Nikaotea upande wake, nikajilazimisha kucheka, nikasema niko tayari, Karisa, piga.

Akasema, “Hii picha haitoki.”

Basi. Haitoki! Kisha nikasikia... trrrr! Skrini imeingia ndani ya bomba lake. Zipu ya fuko. Viatu vya kuchongoka kwenye kokoto. Bodaboda ikanguruma barabarani. Hakusema Mayo, hakusema hata bi kizee.

Lakini miguu mingine ilikuwa bado imesimama karibu nami. Babake alimwita kutoka barabarani, “Kadzo! Panda twende!” Mjukuu wangu akajibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, “Kadzo yupi? Tuko wawili hapa.” Hakupanda, bodaboda ikaenda bila yeye. Alikaa likizo nzima, akinisafisha vidonda kwa maji ya chumvi na dawa za daktari, akinilisha uji kwa kijiko.

Nilipona. Jicho moja halioni sawa mpaka leo. Nyumba ya mawe sikuujua mlango wake. Na Karisa? Msidhani radi ilimpiga! Yuwaendelea vizuri, amenenepa. Nimeambiwa picha yangu ya kwanza bado yuwaionyesha, na ya pili amemtafuta mwanamke mwengine, kijana, mnono, ana meno yote, asema ndiye mimi baada ya kupaka. Huko Lamu watu wanijua mimi ni mrembo! Hahaha! Nicheke, nisicheke?

Wazee wenzangu, ushauri wangu ni huu. Mtu akija kukutaka picha, hata kama umemzaa, muulize ataitia maneno gani. Picha haina mdomo, husemewa. Na akikwambia usicheke, ondoka hapo jikoni! Nyinyi vijana mnaozunguka na kuta zenu mabegani, mkiwafundisha watu kuogopa ili wanunue: watu wakishaogopa hawarudi nyumbani na chupa peke yake. Hurudi na hofu, na hofu hutafuta pa kulala. Nawe jirani, kabla hujaenda kuchukua karai lako, kumbuka mahamri uliyoyala kutoka ndani yake. Msipite njia hii, wanangu. Nimeipita mimi, inatosha.

Nywele zangu zimeota tena, mabaka mabaka, nyeupe kuliko mwanzo. Jana mjukuu wangu alikuwa akinichana kwa vidole, maana chanuo yaniumiza. Nikamtania, nawe ukizeeka utakuwa hivi hivi, damu ni moja, uanze kutafuta kilemba mapema! Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu. Nikadhani nimemuumiza.

Kisha akashika uso wangu kwa mikono miwili, akanigeuza nimuone kwa lile jicho zima, akaniahidi. Alisema, “Hawe, zangu zikianza kuwa nyeupe sitapaka. Nitarudi Matsangoni, nitafagia kaburi la babu mchana kweupe, kichwa wazi. Na atakayeniuliza mimi ni nani, nitamwambia ndimi Kadzo.”